Theluji Tuliyowaahidi Wajerumani

Vienna, 9 Oktoba 1989

Shangazi Kreszenz, Zenzi wetu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua yangu ya kila Oktoba yameniona na kunikumbatia. Bado nakaa ghorofa ya tano na lifti bado mbovu, kwa hiyo miguu yangu imekaza kuliko wakati nilipokuwa nachunga ng'ombe wako. Mjomba Korbinian hajambo? Na ng'ombe je? Nisalimie wote wawili, ukianza na unayempenda zaidi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Ndani ya bahasha kuna kijitabu cha kampuni yetu cha likizo za majira ya baridi. Kazi yangu, kama unavyojua, ni kuwatia watu hamu ya kusafiri, na mwaka huu nimewatia hamu kwelikweli. Fungua ukurasa wa kumi na nne. Usiketi karibu na jiko la moto unaposoma.

Ndiyo, ni nyumba yako. Barua yako ya Juni ilisema vitanda vimekaa bure hadi panya wameanza kupanga vyumba, nami nikaona nina kalamu mkononi. Watu wakiitikia, utawapokea?

Mpwa wako,
Linde

—

Hinterlahn, 14 Novemba 1989

Linde mwanangu,

Marahaba. Umenikuta mzima. Goti la kulia linalia, la kushoto linacheka, nami natembea katikati yao. Jua lilituacha Jumatano iliyopita kama kawaida yake, na halitaingia tena dirishani mwangu hadi tarehe mbili Februari. Redioni wanasema huko Berlin watu wamepanda juu ya ukuta wanashangilia. Na mimi ningepanda, kama kuna jua upande wa pili. Ng'ombe hajambo. Mjomba wako hajambo, anapata jua la kutosha.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ilibidi kwanza hasira ipoe. Nimesoma ukurasa wa kumi na nne mara tatu, na mara ya tatu hata mimi nilitamani kwenda kukaa huko. "Theluji ya uhakika kuanzia mapema Desemba." Nani kakupa uhakika huo, Mungu au meya? "Sleji inayokokotwa na farasi." Farasi alikufa mwaka themanini na nne, Linde, na wewe ulimlilia. "Sauna ya kienyeji." Sauna gani? "Mwalimu mkongwe wa skii, Korbinian Obholzer, aliyefundisha vizazi vitatu, atawaongoza wageni mwenyewe." Na picha yake juu!

Haya. Ofisi yenu imeniletea orodha. Wajerumani kumi na nne kutoka Kassel, Krismasi nzima, siku kumi na mbili. Kiongozi wao ni Bwana Wiegand, hakimu wa kesi za kodi. Umeniletea hakimu nyumbani, mwanangu, na uongo wote umeuandika kwa wino.

Njoo unisaidie. Nina mikono miwili tu.

Shangazi yako,
Kreszenz

—

Vienna, 27 Novemba 1989

Shangazi,

Shikamoo sana. Mafua yamepona, mvua haijapona. Jirani yangu wa chini amenunua kinanda na anajua wimbo mmoja, tena nusu yake tu.

Krismasi siwezi kuja. Kazi imenizidi, nasimama siku nzima, na likizo hatupewi hadi Januari. Usiniulize mengi. Theluji itaanguka, huanguka kila mwaka. Farasi mkodi kwa mtu. Sauna sema imeharibika. Mjomba mnunulie kofia mpya, anyoe ndevu, atabasamu, basi. Kwani yeye anasemaje kuhusu picha yake? Hujaniambia neno.

Linde

—

Hinterlahn, 11 Desemba 1989

Linde,

Salamu za hapa ni hizi: nyasi. Nyasi za kijani mpaka kwenye lifti ya kupandisha watu mlimani, ambayo imesimama kama mchumba aliyeachwa kanisani. Jana nimechuma ua la njano mlangoni. Tarehe kumi Desemba! Padri ameongoza sala ya kuomba theluji, na baada ya sala ikanyesha mvua ya uvuguvugu. Meya akasema kwa sauti pale kanisani kwamba safari ijayo tumuulize padri anaomba kwa nani.

Nimeenda kukodi farasi. Kuna mmoja tu kijijini, na sleji bila theluji ni kitanda cha mbao kinachopiga kelele barabarani.

Unasema unasimama siku nzima. Tangu lini watu wanaandika vijitabu wakiwa wamesimama?

Mjomba wako hana neno kuhusu picha.

Zenzi

—

Vienna, 18 Desemba 1989

Shangazi,

Shikamoo. Nina haraka, vidole vimeganda. Wakikuuliza theluji, waambie imechelewa. Wageni husamehe kitu kilichochelewa, ila kitu kisichokuwepo kabisa hawakisamehi. Wape kazi. Watu wa mjini wakichoka mwili wanadhani wamefurahi.

Krismasi njema kwako na kwa Mjomba. Mbona haandiki hata sahihi yake chini ya barua, kama zamani?

Linde

—

Hinterlahn, 28 Desemba 1989

Linde mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa, muujiza wa kwanza tangu tarehe ishirini. Mzima, ila mchovu hadi kwenye nywele. Asante kwa soksi ulizonitumia. Zote mbili ni za mguu wa kushoto, nimezivaa hivyo hivyo.

Wamekuja. Hakimu Wiegand alishuka garini na mbao zake za skii za kutelezea thelujini begani, akatazama nyasi, akatazama juu, akatazama kijitabu. Ni mtu mrefu, mkavu, ana miwani inayokushtaki.

"Bibi Obholzer," akasema, "hapa pameandikwa uhakika."

"Uhakika upo," nikamjibu. "Umechelewa treni."

Mkewe akacheka. Yule mama ndiye aliyeniokoa, maana hakimu haruhusiwi kukasirika mkewe akicheka, hata Kassel sheria ni hiyo.

Nikafuata ushauri wako. Siku ya pili tulichinja nguruwe. Wanawake nikawapa matumbo waoshe, wanaume nikawapa maji ya moto wakwangue manyoya, watoto wakajaza soseji. Hakuna aliyetapika ila mwalimu mmoja wa jiografia. Siku ya tatu nikamwonyesha hakimu rundo la kuni na shoka. Linde, yule mtu amepasua kuni siku tano mfululizo! Anapiga kila gogo kama vile limekwepa kodi. Jana kaniuliza kama anaweza kulipia siku za ziada za kuni. Nina kuni za kufikia mwaka tisini na tatu.

Tatizo lilikuwa sauna. Kila jioni, "Bibi, sauna lini?" Mwisho nikawaingiza kwenye kile chumba cha kukaushia nyama. Nikawasha moto kidogo wa matawi, nikatandika mabenchi, nikawaambia hii ndiyo sauna ya kienyeji, ya babu zetu. Walikaa watu wanane, taulo kiunoni, mapaja ya nguruwe yakining'inia juu ya vichwa vyao, wanakohoa na kusifu. Mke wa hakimu alinukia moshi siku tatu. Mkesha wa Krismasi mbwa wa kijiji kizima walimsindikiza kanisani, wakakaa mlangoni wakimsubiri kwa heshima kuliko wanavyomsubiri padri.

Wameomba chumba tena kwa Februari. Sielewi wanadamu.

Kuhusu mwalimu wa skii nimesema anaumwa mgongo.

Zenzi

—

Hinterlahn, 15 Januari 1990

Linde,

Sijapata barua yako tangu kabla ya Krismasi. Salamu ya Mwaka Mpya sikuiona. Nikaanza kufikiria magonjwa, halafu wanaume, halafu magari.

Unajua sipendi ile simu yetu. Tunaitumia nyumba nne kwa waya mmoja, na mke wa meya hulala na kifaa cha kusikilizia sikioni kama hereni. Lakini jana nilipiga. Nikaomba Bi Gerlinde, jina lako lote, wa idara ya vijitabu. Binti mmoja akasema kwa sauti ya sukari, "Bi Gerlinde hayupo nasi tena tangu tarehe tatu Novemba."

Nikadhani umekufa! Nikapiga yowe. Ni mke wa meya aliyeingilia kwenye waya, "Zenzi, pumua, anamaanisha kafukuzwa kazi." Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimshukuru.

Novemba, Linde. Barua yako ya Novemba inasema kazi imekuzidi. Kazi ipi?

Sikukasirikii kufukuzwa, hata baba yako, kaka yangu marehemu, alifukuzwa mara nne na mara tatu alistahili. Lakini umenifanya nizungumze na hewa miezi miwili. Andika.

Shangazi yako bado,
Kreszenz

—

Vienna, 24 Januari 1990

Shangazi yangu,

Shikamoo, na samahani. Mzima wa mwili.

Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa wa hoteli moja kubwa ambayo hulipa kampuni ili iandikwe. Niliitoa, nikaweka nyumba yako. Nilifikiri hakuna anayesoma vijitabu kule ofisini, na kweli hawasomi, ila mwenye hoteli alisoma. Bosi akaniita. Akauliza kama nyumba hii ipo. Nikasema ipo. Akauliza sauna ipo. Nikafunga vifungo vya koti. Akauliza farasi. Hapo, Shangazi, nilianza kulia, si kwa ajili ya kazi, nilimkumbuka yule farasi. Akanipa dakika kumi nikusanye vitu vyangu. Vijitabu vilikuwa vimeshatoka, hawakuweza kuvirudisha.

Tangu wakati huo nauza zile kokwa za kuchoma za majira ya baridi na viazi kwenye kona karibu na kituo cha treni. Ndiyo maana nasimama. Ndiyo maana vidole vinaganda na viganja vinaungua. Wiki iliyopita alikuja yule bosi, akanunua pakiti moja bila kunitambua chini ya kofia, akasema, "Za moto kweli?" Nikamwambia, "Uhakika." Zilikuwa za jana.

Sikukwambia kwa sababu nilitaka nyumbani abaki mtu mmoja anayedhani nimefanikiwa. Na sikuja tangu tulipomzika Baba kwa sababu kila nikifika mnaniuliza nitarudi lini, nami sikuwa na jibu lisilo la aibu.

Nimesema yangu. Sasa zamu yako. Nimemuulizia Mjomba Korbinian mara tatu, umenijibu kuhusu jua na mgongo. Yuko wapi?

Linde

—

Hinterlahn, 3 Februari 1990

Linde mwanangu,

Salamu nitazifupisha: jana jua lilirudi. Liliingia jikoni saa tano na dakika ishirini, likakaa dakika nane, likaona vumbi langu, likaondoka.

Mjomba wako yuko upande wa pili wa bonde. Upande wa jua, kwa yule mjane Hedwig. Tangu Novemba ya mwaka juzi.

Umesoma sawasawa. Mwaka mmoja na miezi mitatu. Siku ile jua lilipotuacha alisimama hapa jikoni, wageni wa Kiholanzi wapo, akasema, "Zenzi, tuiuze nyumba hii, tununue kiwanja ng'ambo kule. Sitaki tena kukaa kivulini." Mimi nikacheka. Nikasema mbele ya watu, "Nenda basi ukaanikwe kama suruali." Akachukua kofia. Nilidhani anaenda zizini.

Kijiji kizima kinajua na kijiji kizima kinanyamaza, kwa vile kila mtu hapa ana lake la kunyamaziwa. Nikifungua dirisha la chumbani naona nguo zake kwenye kamba ya Hedwig. Zile suruali za ndani za buluu nilimnunulia mimi, Linde. Sasa zinapungia upepo kule kama bendera ya nchi nyingine.

Na lililokuwa baya zaidi ni siku ya hakimu. Alikuja na darubini ya kutazamia ndege. Akasimama kwenye baraza, akatazama ng'ambo, akafungua kijitabu, akatazama tena.

"Bibi Obholzer, yule mzee anayepasua kuni kule kifua wazi, si ndiye mwalimu wetu mwenye mgongo mbaya?"

"Ni pacha wake," nikasema.

Akaweka darubini kwenye mfuko. "Wanafanana," akasema. Jioni ile mkewe alinisaidia kukausha vyombo bila kuuliza kitu, na nilishindwa kumtazama.

Haya, na mimi nimesema. Tumedanganyana vya kutosha, hakuna mwenye haki ya kumnyooshea mwenzake kidole. Njoo nyumbani. Sitakuuliza utarudi lini.

Zenzi

—

Vienna, 5 Machi 1990

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama kutoka kwako. Treni ilikuwa na joto, madonge yako ya mkate na nyama ya moshi yameisha kabla ya Salzburg, nusu yake nilimpa askari mmoja aliyekuwa ananitazama mdomo. Bado naona theluji nikifumba macho. Zile siku tatu ilipoanguka bila kusimama, tukatoka kwa dirisha la ghala kwa sababu mlango haukufunguka, na hakimu Wiegand amefika na familia yake, amesimama ndani ya theluji hadi kiunoni, anasema kwa ukali, "Hatimaye!", nilicheka hadi mbavu zikauma. Sijacheka hivyo tangu Baba alipokuwa hai.

Kuna jambo sikukwambia mezani, niliogopa ungenirushia mwiko. Siku ile niliyosema naenda dukani kununua chumvi, sikwenda dukani. Nilikopa mbao za skii za mke wa hakimu nikavuka bonde.

Nilimkuta Mjomba anakoroga uji wa nguruwe. Nikamsalimu, akanikumbatia na mwiko mkononi, koti langu limeharibika kabisa. Nikamwambia hakimu amekuja tena kumtafuta mwalimu wa kwenye picha. Akasema, "Mwambie amekufa."

"Shangazi amesema una pacha."

Akatabasamu kidogo tu, halafu akaficha. Nikamuuliza kama amemchoka Shangazi. Akasema, "Nimechoka kivuli, Linde. Miaka thelathini na tano. Na nilipomwambia, alinicheka mbele ya Waholanzi."

"Na huku una raha?"

Akakoroga uji. Aliyejibu ni Hedwig, kutoka ndani, kwa sauti ya kufukuza kuku. "Mchukue! Namkodishia chumba juu ya mbuzi, na mbuzi wenyewe wamelalamika. Anakoroma. Kila nikipika ananiambia Zenzi huweka kitunguu zaidi. Mume wangu mwenyewe hakuwahi kunikosoa hivyo, naye alikuwa mwanaharamu!"

Chumba juu ya mbuzi, Shangazi. Nimepanda ngazi nikakiona. Kitanda kimoja, chembamba, na kalenda ya benki. Huko ndiko alikohamia.

Sikumwomba arudi, hilo si langu. Nilimwambia tu kwamba kuna watoto sita kutoka Kassel hawajui kugeuka kushoto kwenye skii. Kesho yake umeona mwenyewe ni nani alifika saa tatu kamili, amenyoa, mbao begani. Ulidhani kaja kwa sababu ya theluji.

Sasa langu. Kona yangu ya kokwa nimemwachia mwenzangu. Nimeandika upya ule ukurasa, kwa ajili ya nyumba, bila kampuni. Unaanza hivi: "Kwa miezi mitatu nyumba yetu haina jua. Theluji huja ikipenda. Hatuna sauna, ila tuna chumba cha moshi, na ukitaka kukaa humo na nyama ni hiari yako. Shoka zipo." Kama hukubali, niambie sasa, kabla sijalipa mchapaji. Kama unakubali, nitakuja mwanzoni mwa Mei na masanduku yote mawili.

Mpwa wako anayeomba radhi kwa ajili ya chumvi,
Linde

—

Hinterlahn, 30 Machi 1990

Linde mwanangu,

Marahaba. Ng'ombe amezaa, jike, ana macho ya meya. Theluji imebaki vichochoroni tu. Goti la kushoto nalo limeanza kulia, sasa angalau wanaelewana.

Ukurasa wako nimeusomea jikoni kwa sauti. Ondoa neno "hiari", wageni wakiliona hawataingia. Yaliyobaki acha hivyo hivyo. Masanduku yako yatakaa chumba cha baba yako. Nimeshatoa viazi humo.

Kuhusu chumvi, nilijua. Ulirudi bila chumvi.

Mjomba wako alifundisha wiki nne. Alikuja kila asubuhi saa tatu, akavuka kurudi kila jioni. Mchana alikula jikoni kwa kusimama, kama fundi aliyekuja kurekebisha bomba. Nilimwekea kitunguu zaidi, naye akakwangua sahani. Siku ya mwisho ya hakimu watoto wote sita waligeuka kushoto, wakashangiliwa. Wiegand akamshika mkono Korbinian, akasema, "Bwana Obholzer, mgongo wako umepona vizuri. Nisalimie pacha." Wewe! Mjomba wako aliwiva kama nyanya, akanitazama, nami nikatazama sufuria, halafu tukacheka wote wawili, kila mtu upande wake.

Theluji ilipoyeyuka hakuwa tena na sababu ya kuvuka. Siku tano hakuonekana. Nikafungua dirisha la chumbani mara nyingi kuliko hewa ilivyohitajika. Siku ya sita postamani akaniletea barua. Kutoka ng'ambo ya bonde! Imelipiwa stempu, imezunguka hadi mji wa chini na kurudi. Mwandiko wake ule wa mtoto wa darasa la pili. Anaomba chumba, mtu mmoja, ikiwezekana chenye dirisha la kusini, na anauliza kama bado kuna nafasi baada ya yote yaliyotokea.

Niliisoma nikimenya vitunguu. Halafu nikamjibu kwa posta pia, ili na mimi nimsubirishe siku mbili. Nikaandika kwamba cha kusini kimechukuliwa na mpwa wangu, kilichopo ni namba saba, kando ya choo, na kwamba sikupaswa kucheka siku ile.

Amefika leo asubuhi na begi moja. Nikamtolea fomu ya wageni, maana sheria ni sheria. Jina akajaza. Tarehe ya kuzaliwa akajaza, amekosea mwaka. Anakotoka akaandika "ng'ambo". Alipofika pale panapouliza mgeni atakaa siku ngapi, akaweka kalamu chini.

"Lazima ujaze," nikamwambia. "Polisi hukagua."

"Jaza wewe," akasema, akachukua begi, akapanda ngazi.

Fomu iko hapa mezani mbele yangu. Sijajaza. Polisi wakija, nitawaambia wino umekwisha.

Shangazi yako,
Kreszenz